Alama Nne za Majuto

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeitafuta katika ramani ya darasani kwetu na sikuiona, ingawa ni kweli kwamba ramani hiyo imeliwa na mende upande mzima wa mashariki. Kwa hiyo msomaji akikutana humu na kitu anachokifahamu, ajue macho yake yamechoka, akayaoshe kwa maji safi, kisha aendelee.

Katika nchi hiyo kila maandishi ya serikali sharti yawe ya Kiingereza, na Kiingereza chenyewe sharti kiwe kizuri. Waasisi waliona mbali. Walisema taifa lenye sentensi fupi litakuwa na barabara fupi. Basi ikapitishwa Sheria ya Sentensi. Sentensi isipungue maneno ishirini na tano. Kila ukurasa uwe na tashbihi tatu. Kitu kisicho na uhai kitabasamu au kilie angalau mara moja, na mwandishi aulize swali ambalo hataki lijibiwe. Baada ya hapo maandishi hupelekwa kwa Mkaguzi wa Sentensi, naye huyasahihisha kwa kalamu nyekundu na kuyapa alama juu ya arobaini.

Uzuri wa sheria hiyo uko hapa: maandishi yakipata thelathini au zaidi, ni kweli. Yakipata chini ya thelathini, ni uongo. Zamani mahakama zilipoteza miezi zikitafuta ukweli, mara shahidi huyu, mara daktari yule. Siku hizi jambo linaisha kwa kujumlisha.

*

Ghala la chakula la shule yetu ya bweni liliungua Jumatatu alasiri, mvua ikinyesha. Sitaifananisha mvua hiyo na chochote. Ilikuwa mvua.

Chanzo kilikuwa waya. Waya huo ulitoa cheche tangu muhula wa kwanza, na mpishi wetu, Mzee Tunje, aliiandikia idara barua: "Waya wa ghala unatoa cheche. Njooni." Idara ilimrudishia barua ikiwa na alama tatu na maelezo mafupi: utangulizi haupo, na cheche hazijafananishwa na kitu. Mzee Tunje alikuwa bado anafikiria cheche zinafanana na nini pale ghala lilipowaka.

Ghala la serikali likiungua, lazima apatikane mtu. Mzee Tunje alikuwa karibu. Tena mguu wake wa kushoto ulipooza tangu utotoni, anatembea kwa mkongojo, kwa hiyo kumkamata hakukuwasumbua askari.

Jumanne asubuhi mwalimu wa zamu alinituma mimi na rafiki yangu Mwachiro kumpelekea mzee koti lake kituoni. Tulimkuta ameketi mbele ya Koplo Mbogoli, ambaye alikuwa anachonga penseli.

"Haya, mzee wangu," Koplo akasema, "nieleze ilivyokuwa. Polepole, ili niandike."

"Nilikuwa jikoni. Nikasikia mlio. Nikatoka, nikaona moshi ghalani. Nikapiga kelele."

Koplo aliiweka penseli chini. Alikuwa mtu mwenye huruma, na nasema hivyo bila mzaha.

"Mzee, unajua umefanya nini? Sentensi nne, na ya mwisho ina maneno mawili. Nikipeleka hii kwa Mkaguzi, inapata sita."

"Lakini ndivyo ilivyokuwa, afande."

"Sijakataa. Ila alama sita ni uongo, na kumdanganya polisi ni miaka miwili juu ya ile mingine. Wewe tulia hapo. Nitakusaidia."

Akakunja mikono ya shati, akafumba macho kidogo, kisha akaandika kurasa nne bila kuinua penseli, midomo ikimchezacheza. Alipomaliza alimsomea mzee, akimtafsiria.

"Ilikuwa asubuhi angavu, jua likitabasamu juu ya vilima kama bibi harusi, na ndege wakiimba nyimbo tamu mitini, nilipoamka kwa furaha, nikapiga mswaki, nikaoga, nikanywa chai ya maziwa kwa mkate na mayai mawili..."

"Ilikuwa alasiri," Mzee Tunje akasema. "Na mvua."

"Alasiri haina alama, mzee."

"Na mayai? Mimi yai mara ya mwisho nimelila sikukuu."

"Mayai yanaonyesha umelelewa vizuri. Sikiliza. Nikaruka dirishani na kukimbia kwa kasi kama swala..."

Mzee Tunje aliutazama mkongojo wake. Koplo naye akautazama, akakohoa, akageuza ukurasa.

"Mama yangu mpendwa akanikumbatia huku machozi yakimtiririka..."

"Mama yangu ni marehemu, afande. Mwaka wa ishirini huu."

"Pole sana, mzee wangu. Mungu amrehemu. Lakini hapa anakukumbatia. Asipokukumbatia tunapoteza mbili." Akaendelea kwa sauti nzito, maana alikuwa anafika mwisho. "Je, ni nani asingelia? Nilijutia sana nilichotenda, na tangu siku hiyo nikajifunza kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Langu limeshavunjika," Mzee Tunje akasema. Kisha akauliza, kwa adabu, "Hicho nilichotenda ni kitu gani?"

"Si kitu. Ni hatima tu. Kila insha sharti iishie kwa majuto. Majuto ni alama nne. Ukiyaondoa unabaki na ishirini na tisa, na ishirini na tisa ni uongo."

Mzee Tunje aliweka dole gumba, akamshukuru Koplo kwa kazi kubwa aliyomfanyia, akavaa koti lake.

Jioni matokeo yalibandikwa ukutani kituoni: thelathini na tatu. Chini yake Mkaguzi aliandika kwa wekundu: "Kazi nzuri. Bundi angeongeza hofu." Basi ikawa kweli kwamba Mzee Tunje amechoma ghala. Kesi ikapangwa Ijumaa. Adhabu ya kuchoma mali ya serikali ni miaka kumi na minne katika machimbo ya mawe, na lori la machimbo huondoka mahakamani kila Ijumaa saa sita kamili mchana. Machimboni mtu wa miguu miwili hudumu kama miaka mitatu. Hatukujua wa mguu mmoja hudumu muda gani, ila hesabu ya kutoa tulifundishwa darasa la kwanza.

*

Asubuhi ile ya Jumanne, tukirudi shuleni kutoka kituoni, Mwachiro alihesabu kitu kwa vidole mpaka tulipofika getini. Mwachiro ni mtu aliyewahi kumfungia mbuzi mwenye tai shingoni ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu, kwa hiyo hesabu hiyo ilinitisha.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Mayai mawili."

"Na bibi harusi."

Kila mtoto wa nchi ile anaijua insha hiyo. Ni insha iliyoongoza taifa zima mwaka mmoja wa zamani, ikapata arobaini juu ya arobaini, ikanakiliwa na walimu kutoka shule hadi shule. Tuliikariri tangu darasa la tano. Aliyesahau ndege alichapwa fimbo moja. Aliyesahau mayai, mbili. Koplo Mbogoli hakutunga kitu. Alitoa kichwani kilichoingizwa kwa fimbo.

"Sasa jiulize," Mwachiro akasema. "Koplo huyu ameandika maelezo ya watu wangapi? Na makoplo wako wangapi?"

Jumatano tulikwenda masijala ya mahakama. Barua yetu ya ruhusa niliiandika mwenyewe. Ilikuwa na sentensi moja ya maneno mia moja na kumi na mbili, na kitenzi chake kikuu nilikificha ukurasa wa pili. Karani, Bi. Sikudhani, aliisoma, akarudi mwanzo, akaisoma tena.

"Nyie watoto, barua hii inataka nini?"

"Tunadhani inaruhusu tusome majalada, mama. Lakini tusiseme mambo makubwa kuliko umri wetu. Wewe unaonaje?"

"Naona imeandikwa na mtu mkubwa sana," akasema, akagonga muhuri.

Jalada la kwanza lilikuwa la mama muuza mkaa aliyeziba njia ya msafara. Aliamka asubuhi angavu, akala mayai mawili. La pili lilikuwa la dereva aliyemgonga mbuzi wa waziri. Naye alikumbatiwa na mama yake mpendwa. La tatu, mzee aliyepiga chafya mbele ya picha ya kiongozi. Alikimbia kama swala. Wote walijuta. Tulifungua, tukafungua, Bi. Sikudhani akitushushia mengine kutoka juu ya kabati bila kuuliza, mpaka yakafika kumi na tisa. Kumi na wanne kati yao walikuwa machimboni. Majalada matano yalikuwa na msalaba mdogo wa kalamu ya risasi kwenye kona.

"Msalaba huu ni nini, mama?" Mwachiro akauliza.

"Hao wameshatoka," Bi. Sikudhani akasema. "Ila si kwa lori."

Tukanakili yote kumi na tisa. Wino ulituishia kwenye la kumi na saba, tukamalizia kwa penseli.

*

Ijumaa haikuwa vigumu kuingia mahakamani. Wanafunzi hupelekwa kila wiki kusikiliza Kiingereza cha Hakimu Mwanaidi Kubo, ambaye inasemekana aliwahi kutoa hukumu ya sentensi moja kuanzia asubuhi hadi chai ya saa nne. Mshtakiwa aliachiwa katikati, akafungwa tena mwishoni.

Chini ya kiti cha Hakimu aliketi Mkaguzi wa Sentensi, Mheshimiwa Dakta Hamduni Pazia, na kalamu zake tatu nyekundu. Ndiye pia aliyekuwa mwendesha mashtaka, ili kupunguza msongamano wa viti. Sheria ilimpa kazi moja zaidi: Hakimu akishindwa kutoa amri yenye alama thelathini kabla ya saa sita, Mkaguzi hupanda kwenye kiti na kuamua mwenyewe. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na robo.

Maelezo ya Mzee Tunje yaliposomwa, Mwachiro akasimama. Alikuwa na nakala zetu kwapani.

"Mheshimiwa, naomba kuleta maelezo mengine kumi na tisa yanayofanana na haya. Neno kwa neno."

Watu wakaguna. Mkaguzi akaziinua nakala zetu moja moja, akazisoma, na uso wake ukachanua.

"Mheshimiwa! Watu ishirini wasiojuana, kutoka wilaya mbalimbali, wenye makosa mbalimbali, wamekubaliana hadi kwenye idadi ya mayai! Ni lini, nauliza, na nauliza tena, ni lini ushahidi umewahi kupatana hivi? Huu si ushahidi tu. Huu ni mnara! Huu ni mlima! Huu ni mhimili wa haki unaolia kwa furaha!"

Makofi yakapigwa. Mkaguzi akajipa thelathini na sita, akaketi. Mwachiro aliniangalia kama mtu aliyekwenda kuzima moto na ndoo, akagundua ndooni kuna petroli. Nje, dereva wa lori akawasha injini ili ipate moto.

Hakimu hakupiga makofi. Alikuwa ameishika nakala moja, mojawapo ya zile za penseli.

"Koplo Mbogoli. Maneno haya uliyapata wapi?" akauliza kwa Kiingereza.

"Shuleni, Mheshimiwa. Tulikaririshwa sote. Ni insha iliyoongoza nchi."

"Ya nani?"

"Jina halikuandikwa, Mheshimiwa. Tuliambiwa ni ya msichana wa darasa la saba."

Hakimu aliisoma nakala ile hadi mwisho. Injini ya lori ilizima, ikawashwa tena. Kisha akasema kwa Kiswahili, ambacho hapana mtu mle ndani aliyewahi kumsikia akikisema.

"Ni yangu."

Bi. Sikudhani akadondosha muhuri.

"Hakukuwa na moto," Hakimu akasema. "Mayai hatukuwa nayo. Mama yangu alikuwa na mwaka mzima kaburini, lakini mwalimu alisema insha isiyo na mama wa kukumbatia haifiki popote. Basi nikamfufua. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Sikujutia kitu, kwa sababu sikuwa nimefanya kitu." Akamgeukia mshtakiwa. "Mzee Tunje, nenda nyumbani."

Mzee Tunje akachukua mkongojo wake. Askari jela aliyesimama mlangoni akamwekea mkono begani.

"Samahani, Mheshimiwa," askari akasema. "Bila hati yenye alama siwezi."

"Na hatakuwa nayo," Mkaguzi akasema, akijumlisha. "Maelezo ya Mheshimiwa nimeyapa saba. Kwa hiyo ni uongo, na nimeyafuta. 'Nenda nyumbani' nimeipa moja, kwa ajili ya mwandiko, halafu nikakumbuka haikuandikwa. Sasa ni saa tano na dakika thelathini na nane. Mheshimiwa anayo haki ya kuandika."

*

Akaandika. "Mzee Tunje hana hatia." Akaikata. Akaandika tena, akaikata tena. Mwanamke aliyejulikana nchi nzima kwa sentensi ndefu hakuwa na mstari hata mmoja ambao hakuukata. Dakika nane zikapita. Tulisikia geti la nyuma la lori likifunguliwa.

Aliyesimama wa kwanza alikuwa Koplo Mbogoli. Jasho lilikuwa limeloanisha kola yake.

"Ilikuwa asubuhi angavu, Mheshimiwa," akasema.

"Jua likitabasamu juu ya vilima," akadakia Bi. Sikudhani.

"Kama bibi harusi!" wakasema watu wa benchi la nyuma, kwa sauti ya waliochapwa fimbo.

Hakimu akainamia karatasi. Basi mahakama nzima ikaanza kukariri, wauza ndizi, mawakili, hata askari jela pale mlangoni, ambaye mkono wake ulibaki begani mwa mzee lakini midomo ilikuwa nasi. Palipohitajika mshtakiwa, Hakimu alimtia Mzee Tunje. Palipohitajika kukimbia, haki ndiyo iliyokimbia kama swala. Aliamuru mzee huyo, pamoja na wote walioamka asubuhi hiyohiyo na kula mayai hayohayo, waachiwe huru popote walipo.

"Tia bundi!" Mwachiro akapiga kelele.

Bundi akatiwa. Saa sita kasoro dakika tano, Mkaguzi akapokea kurasa tatu na kuanza kusahihisha. Kalamu ilikwenda kama inakwaruza mifupa yetu. Alama ya vyema. Alama ya vyema. Mstari. Alama ya vyema.

"Ishirini na saba," akasema.

"Kimekosekana nini?" Hakimu akauliza.

"Hatima. Hapa hakuna aliyejuta."

"Ajute nani?"

"Mwenye kutia saini, Mheshimiwa. Majuto ni ya mwandishi siku zote." Mkaguzi alifuta miwani yake bila haraka. "Nakumbusha tu, kwa wema, kwamba majuto yakiwa ndani ya maandishi yenye thelathini na zaidi, ni kukiri kosa. Na lori lina nafasi moja tu iliyoandaliwa."

Saa ya ukutani ilikuwa na mlio ambao sijui kwa nini hatukuusikia tangu asubuhi.

Mzee Tunje ndiye aliyesema. "Mheshimiwa, mwanangu, usiandike. Mimi nimeshazeeka. Huko nako watu wanakula, watanipa sufuria."

"Huko hawapiki, mzee," Hakimu akasema. "Wanagawiwa unga mbichi. Nimesaini mwenyewe."

Akachukua kalamu. *Nilijutia sana nilichotenda.* Katika majalada yote tuliyoyaona masijala, mwandiko hukimbia mahali hapo, kwa kuwa mkono umezoea. Wake haukukimbia. Aliandika neno moja, akapumzika, akaandika linalofuata. Kisha akatia saini na jina lake lote, ambalo halikuwahi kuonekana chini ya insha hiyo.

Mkaguzi akajumlisha mara mbili, kwa sababu hakulipenda jibu.

"Thelathini na moja."

Mkono wa askari jela ukaondoka begani mwa mzee kabla neno halijaisha.

Pingu alizishika Koplo Mbogoli, na zilimdondoka mara mbili. "Mheshimiwa," akasema, "sheria inataka nichukue maelezo yako."

"Yameshaandikwa, Koplo. Wewe unayajua kwa moyo."

Akapanda lori na hati yake mkononi, maana ndiyo itakayowafungulia wale kumi na wanne huko machimboni, na dereva hakubali nakala. Tulitoka wote hadi uani. Mzee Tunje alifika wa mwisho, mkongojo ukizama kwenye tope. Akashika ubao wa nyuma wa lori.

"Mheshimiwa, maharage unakula ya nazi au bila?"

"Bila."

"Pilipili?"

"Kidogo."

Lori likaondoka. Mkaguzi, aliyekuwa kizingitini na kalamu yake wazi, alingoja waongeze neno, hawakuongeza, akaifunga. Mzee Tunje akalitazama lori mpaka lilipokata kona, akasukuma mkongojo wake mbele, akaanza kutembea. Hakuelekea shuleni. Alifuata alama za matairi, na mimi na Mwachiro, kwa kuwa hatukuwa na ruhusa ya kwenda popote, tukaenda naye.